Kumshuhudia Kristo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakristo wa Kawaida

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara washirika wanapojifunza kushuhudia. Yana namba ili jibu moja liweze kukuelekeza kwenye jingine. Si lazima uyasome kwa mpangilio, ila kama hujawahi kumweleza mtu habari za Yesu, anza na la 1 na la 4.

## Misingi

1. Kushuhudia ni nini hasa?

Ni kumweleza mtu, kwa maneno anayoyaelewa, Yesu ni nani, alifanya nini, na amekutendea nini wewe.

Neno lenyewe ni la mahakamani, na linafaa kuchukuliwa hivyo. Kushinda kesi ni kazi ya wakili, na kutoa hukumu ni kazi ya hakimu. Shahidi anatakiwa kusema alichokiona na anachokijua, bila kuongeza chumvi. Wengi wanaoogopa kushuhudia wanaogopa kazi ambazo hawakupewa: kumshawishi mtu hadi akubali, kujibu kila hoja, kubadilisha moyo. Matendo 16:14 inasema moyo wa Lidia ulifunguliwa na Bwana. Paulo alikuwa pale akizungumza tu.

2. Si kazi ya wachungaji, mapadre na wainjilisti?

Wako wenye karama hiyo mahususi. Waefeso 4:11 inawataja wainjilisti. Lakini angalia Matendo 8:1-4. Mateso yalipotokea Yerusalemu, mitume walibaki mjini. Waliotawanyika wakilihubiri neno walikuwa waumini wa kawaida. Matendo 11:20 inaeleza kwamba watu wa Kipro na Kirene, ambao hata majina yao hayakuandikwa, ndio waliowapelekea Wayunani wa Antiokia habari za Bwana Yesu. Kanisa hilo ndilo lililowatuma Barnaba na Sauli katika sura ya 13.

Tena kuna watu ambao hawataingia kanisani wala kukutana na mchungaji, lakini wewe unakutana nao kila siku.

3. Je, maisha mema hayatoshi kuwa ushuhuda?

Maisha mema hufanya maneno yako yaaminike, ila hayawezi kusema yenyewe. Mtu akiona wema wako miaka 10 bila kusikia habari za Yesu, atahitimisha kwamba wewe ni mwema, na sifa zote zitaishia kwako. Warumi 10:14 inauliza watu watamwaminije wasiyemsikia. Upande wa pili, maneno bila maisha huumiza zaidi ya kunyamaza. Kama una deni la jirani hujalipa, au humsemeshi ndugu yako, kashughulikie hilo kwanza.

4. Injili ninayotakiwa kuieleza ni ipi, kwa ufupi?

Paulo anaifupisha katika 1 Wakorintho 15:3-4: Kristo alikufa kwa ajili ya dhambi zetu, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, kama yanavyosema Maandiko. Ukiliacha moja kati ya haya, umebaki na mawaidha mema tu.

Ili mtu aelewe kwa nini kifo hicho kinamhusu, eleza mambo manne. Mungu alituumba na anatupenda. Sisi tumemwacha na kujitawala wenyewe, na matokeo yake ni mauti (Warumi 3:23, 6:23). Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi (Warumi 5:8) na akafufuka. Anayegeuka na kumwamini hupewa msamaha na maisha mapya kama zawadi, si kama mshahara wa matendo yake (Waefeso 2:8-9, Warumi 10:9). Jizoeze kuyasema kwa dakika mbili bila kufungua Biblia, kisha jizoeze kuyaonyesha ndani ya Biblia.

Kosa la kawaida ni kuibadilisha injili iwe ahadi ya kazi, ndoa au uponyaji. Mtu akija kwa ajili ya hivyo, asipovipata ataondoka, na atakuwa na haki ya kusema alidanganywa.

5. Sijui Biblia vizuri. Nisubiri hadi nijifunze?

Usisubiri. Yule kipofu wa Yohana 9 aliulizwa maswali ya kitheolojia na wataalamu, akakiri asichokijua, akashika neno moja alilokuwa na uhakika nalo: alikuwa kipofu, sasa anaona. Mwanamke Msamaria wa Yohana 4 aliwaita watu wa mji wake siku ileile aliyokutana na Yesu, naye bado alikuwa anajiuliza.

Mistari ya swali la 4 inatosha kuanzia. Ukiulizwa usilolijua, sema: "Hilo silijui, lakini nitalitafuta." Kisha litafute kweli na urudi na jibu ndani ya wiki moja. Kurudi kwako kutamwambia mengi kuliko jibu lenyewe.

## Kujiandaa

6. Niandaeje ushuhuda wangu binafsi?

Uandike. Ushuhuda usioandikwa huanza vizuri, ukazunguka, ukaisha msikilizaji akiwa amechoka. Lenga dakika 3, yaani maneno kama 300.

Mfano mzuri ni utetezi wa Paulo mbele ya Agripa katika Matendo 26. Mstari wa 4 hadi 11 anaeleza alivyokuwa, wa 12 hadi 18 alivyokutana na Yesu, wa 19 hadi 23 kilichofuata. Gawanya wako hivyohivyo. Sehemu ya kwanza iwe fupi: ulikuwa unatafuta nini, au unaogopa nini. Sehemu ya kati ndiyo ndefu: ulisikia nini kuhusu Yesu, ukaelewa nini, ukafanya nini. Hapa ndipo kifo na ufufuo wake vinatajwa wazi. Ya mwisho ieleze badiliko moja au mawili ambayo anayekufahamu angeweza kuyathibitisha. Malizia kwa swali: "Wewe umewahi kufikiria jambo hili?"

Ukishauandika, usome kwa sauti ukiwa na saa, kisha msomee rafiki na umwombe akuonyeshe alipopotea.

Makosa yanayojirudia ni matatu. La kwanza ni kurefusha habari za dhambi za zamani mpaka zinakuwa tamu kuliko wokovu. La pili ni kutaja aibu za watu wengine, kama mzazi mlevi au mwenzi wa zamani, ambao hawakukupa ruhusa. La tatu ni kusema kwamba tangu siku ile huna shida. Msikilizaji anajua si kweli, na ukweli wako wote unaanza kutiliwa shaka.

7. Nililelewa kanisani, sina ushuhuda wa kushangaza. Nitasema nini?

Timotheo naye alilelewa katika imani na bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2 Timotheo 1:5). Badala ya kueleza ulipotolewa, eleza kwa nini umebaki: ni lini imani ya wazazi ikawa yako, ni shaka gani uliyopitia, Kristo amekuwa nani kwako katika msiba au katika kosa. Usitunge maisha ya zamani usiyoyaishi. Wasikilizaji wengi wana maisha ya kawaida, na ushuhuda wa kawaida ndio unaowagusa.

8. Nianze na nani?

Andika majina 5 ya watu unaokutana nao angalau mara moja kwa wiki. Waombee kila siku kwa majina, dakika chache tu: Mungu afungue mioyo yao, akupe nafasi, akupe ujasiri. Hata Paulo aliomba aombewe apate mlango wa kunena (Wakolosai 4:3). Orodha ya majina 50 haitadumu wiki mbili.

9. Maneno gani niyaepuke?

Yale yanayoeleweka kanisani peke yake: kuokoka, kuoshwa kwa damu, upako, kutembea katika Roho, mtu wa mataifa. Si mabaya, ila kwa asiyeyazoea ni kelele. Sema "kusamehewa na kurudi kwa Mungu" badala ya kuokoka, "wema tusioustahili" badala ya neema, "kugeuka na kuacha" badala ya kutubu. Ukitaka kulitumia neno lenyewe, lieleze kwanza.

Biblia nayo ni hivyohivyo. Tafsiri ya Union Version ya mwaka 1952 ni tamu kwa aliyekua nayo, lakini msomaji mgeni mara nyingi huelewa haraka zaidi Habari Njema. Mchagulie anayoielewa yeye, si unayoipenda wewe.

## Mazungumzo yenyewe

10. Nianzeje bila kulazimisha?

Anza kwa kusikiliza. Yesu alianza na mwanamke Msamaria kwa kuomba maji ya kunywa. Filipo alianza na yule towashi Mwethiopia kwa swali: "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" Hakuna aliyeanza kwa kutangaza hukumu.

Mara nyingi nafasi inapatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni kutoificha imani katika mazungumzo ya kawaida. Ukiulizwa ulikuwa wapi Jumapili, usijibu "nilitoka kidogo". Sema ulikuwa ibadani, na utaje jambo moja ulilojifunza. Ya pili ni kuomba kumwombea mtu aliyekueleza shida yake: "Naomba nikuombee kuhusu hili, unaruhusu?" Akikubali, omba sentensi tatu au nne, hapohapo, kwa sauti ya kawaida. Sala ndefu ya kelele humtia aibu mbele za watu. Baada ya siku chache muulize jambo lile limefikia wapi. Ya tatu ni kuomba ruhusa waziwazi: "Ningependa kukueleza kwa dakika tatu kwa nini ninamwamini Yesu. Uko tayari kunisikiliza, au tuache?" Akisema tuache, acha kweli, bila kununa.

Usimvizie mtu. Kumwalika kwa jambo jingine kisha kumgeuzia mahubiri ni udanganyifu, hata kama ujumbe ni wa kweli.

11. Nitajuaje kama nimezungumza kupita kiasi?

Dalili zipo: anaangalia simu, anaitikia "ndiyo, ndiyo" kabla hujamaliza, hajauliza swali lolote. Kipimo rahisi ni kwamba kama umeongea zaidi ya dakika 3 mfululizo na yeye hajasema kitu, nyamaza na umuulize anaonaje.

12. Naogopa. Nifanye nini?

Paulo mwenyewe aliandika kwamba alikuwa kwa Wakorintho katika udhaifu na hofu na kutetemeka (1 Wakorintho 2:3). Hofu haiondoki kwanza ndipo uanze. Hupungua kwa kuanza na kidogo. Wiki hii mwambie mtu mmoja tu kwamba wewe ni Mkristo. Wiki ijayo omba kumwombea mmoja. Baadaye simulia ushuhuda wako. Inasaidia pia kwenda wawili, kama Yesu alivyowatuma wanafunzi wake wawili wawili (Marko 6:7): mmoja anazungumza, mwingine anaomba kimoyomoyo.

13. Amependa kujua zaidi. Hatua inayofuata ni ipi?

Msome naye Injili. Tukiruhusiwa kupendekeza njia moja tu katika ukurasa huu wote, ni hii, kwa sababu inamtoa mtu kwenye maoni yako na kumkutanisha na Yesu mwenyewe.

Marko inafaa kwa kuanzia. Ina sura 16, na kuisoma yote kwa sauti huchukua kama saa moja na nusu. Mkisoma sura mbili kwa wiki, mtamaliza kwa wiki 8. Kama hayuko tayari kwa kitabu kizima, chukueni vifungu vinne: Marko 2:1-12, Luka 15:11-32, Luka 23:32-43 na Yohana 20:24-29.

Kila kikao kiwe dakika 45. Someni kifungu kwa kupokezana, halafu muulizane: Yesu amefanya nini hapa, na amesema nini? Watu waliokuwepo walimchukuliaje? Ni nini kimekushangaza au hukukielewa? Kama hili ni kweli, lingebadilisha nini kwako wiki hii? Mwache yeye ajibu kwanza. Kimya cha sekunde 10 si kibaya, maana mtu anafikiri.

Kinachoharibu vikao hivi ni kugeuza kila aya kuwa hubiri, na kurukaruka vitabu ili kuthibitisha jambo. Mgeni wa Biblia akipelekwa kwenye vitabu vitano kwa nusu saa, anabaki anatafuta kurasa tu.

14. Akiuliza swali gumu?

Kwanza ujue swali limetoka wapi. "Kwa nini Mungu anaruhusu mateso?" linaweza kuwa hoja, au linaweza kuwa kaburi ambalo bado halijakauka. Muulize: "Kuna jambo lililokufanya ufikirie hili?" Kama ni msiba, kaa naye. Yesu alilia penye kaburi la Lazaro kabla ya kumfufua. Na kamwe usimwambie kwamba mateso yake ni adhabu ya dhambi fulani: mnara wa Siloamu ulipowaangukia watu 18, Yesu alikataa wazo kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wengine (Luka 13:4-5).

Kwa "Wakristo ni wanafiki", kubali palipo na ukweli, kisha mwonyeshe Mathayo 23, ambapo Yesu anaukemea unafiki kwa maneno makali kuliko yake.

Kwa "Nitajuaje ufufuo si hadithi?", 1 Wakorintho 15:6 inasema Kristo aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa wakati mmoja, na wengi wao walikuwa hai bado Paulo alipoandika. Aandikaye hivyo anawakaribisha wasomaji wakaulize.

15. Amesema anataka kumwamini Yesu. Nifanye nini saa hiyo?

Usikimbilie sala. Mwombe akueleze kwa maneno yake ameelewa nini kuhusu Yesu na kuhusu kugeuka. Akikosea, rudini kwenye swali la 4. Mwambie pia gharama, kama Luka 14:28 inavyotaka mjenzi akae kwanza ahesabu.

Kisha mwache aombe mwenyewe, hata kwa kigugumizi: amkiri Mungu, akubali kosa lake, aeleze kwamba anamtegemea Kristo aliyekufa na kufufuka, amwombe amtawale. Hakuna maneno maalumu yenye nguvu ya kumwokoa mtu. Kumfanya arudie sala yako neno kwa neno kunaweza kumfanya adhani wokovu ni kukariri.

Wasiliana naye ndani ya siku 2, kwa sababu mashaka huja mapema. Mtambulishe kwa watu wawili watatu wa kanisani kabla ya ibada ya kwanza ili asiingie mgeni, nenda naye mkakae pamoja, na umpeleke kwa viongozi kuhusu ubatizo kwa utaratibu wa kanisa lenu. Endeleeni kusoma kama katika swali la 13. Kumwacha mtu hapa ni kama kumzaa mtoto na kumwacha mlangoni.

## Nyumbani, kazini na kwenye simu

16. Mwenzi wangu au wazazi wangu hawaamini. Nizungumze nao vipi?

Hapa maneno machache yanatosha, maana wameshayasikia. Mtume Petro anawaambia wake ambao waume zao hawaliamini Neno kwamba waume hao huweza kuvutwa na mwenendo wao, pasipo lile neno (1 Petro 3:1). Usimwache mwenzi peke yake kila jioni kwa ajili ya vikundi vya kanisa, usimsemee vibaya katika maombi ya hadharani, usiwafanye watoto kuwa wahubiri wake. Mzazi ahubiriwe kwa heshima ya mtoto: omba ruhusa, sema mara moja kwa utulivu, kisha tumika.

17. Kazini inaruhusiwa?

Muda wa kazi ni wa mwajiri. Zungumza wakati wa mapumziko au baada ya kazi, na fuata kanuni za mahali pako. Ukiwa na madaraka juu ya mtu, kama bosi, mwalimu au daktari, tahadhari mara mbili: anaweza kukuitikia kwa kuogopa nafasi yake, na kuitikia kwa hofu si imani.

18. Na kwenye mitandao?

Ujumbe mmoja ulioandikwa kwa ajili ya mtu mmoja una faida kuliko jumbe 40 za kusambaza. Usisambaze miujiza usiyoithibitisha, wala jumbe za "tuma kwa watu 10 ubarikiwe", kwani zinafundisha ushirikina kwa jina la Yesu. Ubishi mbele ya watu usivuke majibu mawili. Baada ya hapo mwombe mzungumze faragha. Usiweke picha wala habari za mtu "aliyeokoka leo" bila idhini yake. Kwa wengine, picha hiyo inaweza kuwafukuzisha nyumbani.

## Mazingira yanayohitaji uangalifu

19. Nimshuhudieje mtu wa dini nyingine?

Muulize yeye anaamini nini, usimfundishe dini yake. Usiikejeli, usilinganishe mabaya ya kwao na mazuri ya kwenu. Paulo pale Athene alikasirika moyoni kuona sanamu, lakini alipozungumza alianza na madhabahu waliyoijenga wenyewe, na akanukuu watunzi wao (Matendo 17:16-28). Mweleze Yesu ni nani, na uwe tayari kusikiliza kwa muda uleule uliosikilizwa. Kama kubadili imani kunaweza kumhatarisha, mwendo na usiri aamue yeye.

20. Watoto wa watu wengine?

Kwa idhini ya wazazi au walezi, mahali pa wazi, wakiwepo watu wazima wawili. Usiwatishe kwa moto wa jehanamu ili waitikie. Mtoto huitikia chochote ili amfurahishe mkubwa.

21. Mgonjwa au mtu aliye karibu na kufa?

Omba ruhusa yake na ya wanaomuuguza. Kaa dakika 10, si saa nzima. Soma kifungu kifupi, kama Zaburi 23 au Luka 23:39-43, omba, ondoka. Usimwahidi uponyaji ambao Mungu hajakuahidi, na usimwambie aache dawa.

22. Naweza kumpa msaada wa chakula au fedha ili asikie injili?

Toa msaada kwa sababu anauhitaji, naye aupate asikilize asisikilize. Msaada ukitegemea kuhudhuria, utapata wahudhuriaji, na hutajua kamwe nani ameamini.

23. Amekataa. Niendelee?

Mheshimu, na ubaki rafiki. Yesu alimpenda yule kijana tajiri na akamwacha aende zake (Marko 10:21-22). Endelea kumwombea, mwache yeye au tukio la maisha lifungue mlango tena. Wengi huamini baada ya kusikia kwa watu kadhaa: "Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu" (1 Wakorintho 3:6).

24. Wanaonifahamu wameniona nikianguka. Nawezaje kushuhudia tena?

Kwa kukiri kosa kwa uliyemkosea, bila "lakini". Lipa unachoweza kulipa. Petro alimkana Bwana mara tatu, na habari hiyo imo katika Injili zote nne. Haikufichwa ili kulinda jina lake. Kama kosa ni zito, viongozi wako wakuambie lini utarudi kwenye huduma ya hadhara.

25. Katikati ya mazungumzo mtu amenieleza siri nzito. Niitunze?

Aibu na dhambi zake zitunze. Zisigeuke "ombi la maombi" kwenye kikundi. Kuna mambo mawili yasiyotunzwa. Akisema anataka kujiua, usimwache peke yake. Muulize waziwazi kama ana mpango, ondoa vitu hatari karibu naye, umpeleke kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo. Na kama kuna mtoto anayedhuriwa, taarifa iende kwa mamlaka zinazohusika, hata kama anayetuhumiwa ni mtu wa kanisani. Kwa hiyo usimwahidi mtu mapema kwamba hutamwambia yeyote. Mwambie: "Nitalitunza, isipokuwa kama maisha ya mtu yako hatarini."